Zamu Nayo ni Mazoezi

Ninafundisha mbio Riyadh, na wengi wa wakimbiaji wangu wanalala mtaa wa Manfuha. Ni walinzi, madereva, wapakiaji mizigo, wahudumu wa migahawa, na madada wa kazi za ndani ambao waajiri wao huwapa Ijumaa. Wametoka Kakamega, Eldoret, Mbale, Singida, na wachache Mbulu kama mimi. Majirani zetu ni Wahabeshi, na mtaani hapa mtu akipita alfajiri na viatu vya mbio hakuna anayemshangaa. Riziki yangu naipata kwenye jimu moja kaskazini mwa jiji, kwa wateja wenye saa zinazosoma mapigo ya moyo na mizani inayotenganisha mafuta na misuli. Makundi yote mawili nayapenda. Lakini nina hakika na jambo moja: sayansi ya michezo inamfaa mlinzi wa Manfuha kuliko inavyomfaa mteja wa jimu. Mteja akipangiwa vibaya atalala, atakula, atapona. Mlinzi hana akiba hiyo. Akipangiwa vibaya atakwenda kazini anachechemea, na mwisho wa mwezi mshahara utakatwa.

Kijana anapojiunga nasi aghalabu huja na programu aliyoitoa kwenye simu, na mara nyingi ni ya kambi ya Kaptagat, Kenya. Eliud Kipchoge, chini ya kocha Patrick Sang, amekimbia huko kwa miaka mingi kilomita 200 na zaidi kwa wiki, kwenye mwinuko wa karibu mita 2,400, na programu hiyo ilimpa 2:01:09 Berlin mwaka 2022. Hakuna wa kuibeza. Ila kijana anayeinakili huchukua kilomita peke yake. Usingizi wa mchana hauchukui, kambi ya Jumatatu hadi Jumamosi haichukui, wala mpishi, wala mtu wa kumkanda misuli. Kilomita hizo anazipachika juu ya zamu ya saa 12, katika jiji lililo kwenye mita kama 600 tu, kisha anakuja kuniuliza kwa nini miguu imekuwa mizito.

Jibu langu huanzia kwenye daftari. Miaka ya 1990 mtaalamu wa Kimarekani Carl Foster na wenzake walibuni njia nyepesi ya kupima mzigo wa mazoezi. Mwanariadha akishamaliza na kutulia kidogo anaulizwa: zoezi la leo lilikuwa gumu kiasi gani, kuanzia 0 hadi 10? Jibu linazidishwa kwa dakika alizofanya. Mbio za dakika 60 zenye ugumu wa 6 zinatoa 360. Basi. Haitakiwi saa ya bei wala kompyuta, na utafiti mwingi umeonyesha kwamba jibu la mtu mkweli huenda sambamba na kipimo cha mapigo ya moyo.

Mimi nimeichukua njia hiyo nikaipeleka ambako wenyewe hawakuikusudia: napima nayo zamu. Mlinzi aliyesimama saa 12 na kuniambia ugumu ulikuwa 2 tu amebeba 720 mara 2, yaani 1,440, mara nne ya mbio zake za asubuhi. Naelewa kwamba namba hizo si za aina moja. Kusimama hakuchomi mapafu kama kupanda kilima. Ndiyo maana sizitumii kumlinganisha mlinzi na dereva. Namlinganisha mtu na nafsi yake, wiki hii na wiki iliyopita, na hapo zinasema kweli. Wiki ya ofa, duka likikesha wazi, namba ya mlinzi hupanda hata kama hajakimbia hatua moja. Zamani mtu akichanika shavu la mguu wiki kama hiyo tuliita bahati mbaya. Leo nafungua daftari, naona namba ilivyoruka, na nafuta mbio za kasi kabla ya kitu chochote kuchanika.

Pamoja na hilo kila mkimbiaji anahesabu mapigo yake akiwa bado kitandani, vidole viwili shingoni, dakika moja kamili, kabla hajashika simu. Anayezoea 52 akiamka na 61 kwa siku mbili mfululizo, siku hiyo anatembea. Kazi ngumu ya kocha wa watu hawa ni kuwazuia. Wametoka katika familia ambazo kulala mchana ni uvivu, na wamevuka bahari kwa sababu ya kuvumilia. Nikimwambia mwanaume wa miaka 30 apumzike, husikia kama namwambia hawezi. Daftari lenye mwandiko wake mwenyewe linanisaidia kumshawishi kuliko cheti changu cha ukocha.

Kuhusu mwendo sitasema mengi. Stephen Seiler, Mmarekani anayefanya utafiti wake Norway, alichunguza wapiga makasia, watu wa ski na wakimbiaji wa kiwango cha juu, akakuta kwamba takribani asilimia 80 ya vipindi vyao ni vyepesi, na sehemu ndogo iliyobaki ndiyo ngumu kwelikweli. Wakimbiaji wanaojifundisha wenyewe hufanya kila siku ugumu wa katikati, unaochosha bila kuongeza kasi. Kwetu mwendo mwepesi ni ule ambao mtu anaweza kunisimulia habari za kwao kwa sentensi nzima. Akianza kunijibu neno mojamoja, tunapunguza.

Tunakimbilia zaidi bonde la Wadi Hanifah, na Ijumaa kundi likiwa kubwa tunakwenda Wadi Namar kwa sababu ya vilima. Wadi Hanifah lilikuwa limegeuka jaa na mkondo wa maji machafu. Ukarabati wake ulipata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo mwaka 2010, na leo lina njia za miguu chini ya mitende. Manfuha yenyewe kabla ya kumezwa na jiji ilikuwa kijiji kando ya bonde hilo, na mshairi al-A'sha, wa zama za kuja kwa Uislamu, anahesabiwa kuwa mwana wa hapo. Huwa nawaambia vijana. Mtu anayekimbia mahali anastahili kujua ni nani walipita kabla yake.

Sasa joto, ambalo ndilo somo kubwa la nchi hii.

Kuna vijana wawili wanaolala chumba kimoja, vitanda vyao vinatazamana. Mmoja anafanya kazi ndani ya jengo la maduka lenye ubaridi wa kiyoyozi; mwingine anashusha mizigo nje. Mwezi wa Juni wote wawili walitaka mpango mmoja, nikakataa. Mwili unaofanya kazi kwenye joto kwa siku 7 hadi 14 hubadilika: sehemu ya maji katika damu huongezeka, jasho huanza kutoka mapema na kwa wingi, chumvi inayopotea kwenye jasho hupungua, na moyo hupiga taratibu kwa kazi ileile. Mshusha mizigo mabadiliko hayo anayo tayari, kayapata kwa jasho la mkataba. Wa dukani hana, ingawa wote wanaishi Riyadh na simu zao zinaonyesha nyuzi 43 zilezile. Wa dukani nilimwanzishia dakika 20 baada ya swala ya alfajiri, tukaongeza kidogokidogo kwa wiki mbili. Wa mizigo alihitaji kinyume chake: kivuli, barafu, na mbio chache. Joto kwake lilikuwa limeshapita kipimo kazini. Serikali inakataza kazi za juani kuanzia saa sita mchana hadi saa tisa alasiri, kutoka tarehe 15 Juni hadi 15 Septemba, lakini saa tatu asubuhi ya Julai nayo ni moto. Na mazoea hayo hayadumu. Mtu akienda likizo nyumbani kwa mwezi mmoja, akirudi namhesabu kuwa mgeni wa joto.

Riyadh na Jeddah zina joto la aina mbili, na anayezichanganya ataumia. Jasho likiwa linatiririka tu halipozi mwili. Linapoza pale linapokauka juu ya ngozi. Lita moja ikikauka yote huondoka na takribani kilokalori 580 za joto. Hewa ya Riyadh ni kavu, jasho linakauka kabla hujaliona, unabaki na chumvi nyeupe kwenye fulana. Mkimbiaji anajipangusa paji la uso, anaona pakavu, anadhani hajapoteza maji. Jeddah iko baharini. Hewa yake imejaa unyevu, jasho linadondoka chini bila kukauka, na joto linabaki mwilini. Mkimbiaji wetu mmoja, dereva wa masafa, hupeleka gari Jeddah, safari ya kilomita 950 hivi, na hupenda kukimbia Kornishi, barabara ya kando ya bahari, akifika. Mara ya kwanza alijaribu mwendo wake wa Wadi Hanifah akakatika njiani, akanipigia usiku akisema, "Kocha, nimeishiwa pumzi, nadhani naumwa." Hakuwa anaumwa. Tangu siku hiyo Jeddah anakimbia kwa kusikiliza mapigo ya moyo, saa anaiacha mfukoni, na mwendo ukishuka anauacha ushuke.

Ushahidi mkubwa wa jambo hili upo jirani tu, Doha. Katika mashindano ya dunia ya mwaka 2019 marathoni ya wanawake ilianza usiku wa manane ili kulikwepa jua. Joto lilikuwa nyuzi 32 na kitu, unyevu zaidi ya asilimia 70. Walianza 68, wakaacha 28. Ruth Chepngetich wa Kenya alishinda kwa 2:32:43, muda ambao kwa kiwango chake ni wa polepole sana, na ndio ulionifanya nimheshimu sana: alikimbia hewa iliyokuwapo. Miaka sita baadaye, tarehe 15 Septemba 2025, Tokyo ikiwa na joto na unyevu, Alphonce Simbu wetu alibaki kundini kwa utulivu, akafika uwanjani na Mjerumani Amanal Petros, wote wakaandikiwa 2:09:48, na picha ikampa Simbu dhahabu kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha. Chumba kizima Manfuha kilipiga kelele, Wahabeshi wakagonga mlango kuuliza kuna nini, wakaingia kushangilia nasi. Mimi nililia. Nimetoka milima ileile iliyomlea mkimbiaji wa marathoni John Stephen Akhwari, na nimeusubiri ushindi wa namna hiyo tangu utoto.

Basi tunapima jasho. Mizani ya bafuni, nguo chache iwezekanavyo, kabla na baada ya mbio, na maji aliyokunywa katikati yanahesabiwa. Kilo moja iliyopungua ni kama lita moja. Mtu wa kilo 60 akipoteza zaidi ya kilo 1.2, yaani asilimia 2, mwendo wake huanza kudai malipo. Kwa kipimo hiki kila mmoja anaijua chupa yake, na chupa hizo hazifanani: dada mmoja mwembamba wa Mbale anapoteza nusu ya kile anachopoteza mwenzake wa kilo 80. Ushauri wa "kunywa maji mengi" umeshaumiza watu. Baada ya Boston Marathon ya mwaka 2002 watafiti walipima damu za wakimbiaji 488 wakakuta asilimia 13 chumvi imeshuka kupita kiasi, na hatari ilikuwa kubwa kwa waliokunywa hadi wakaongezeka uzito. Kwa hiyo mbio zikizidi saa moja na nusu tunabeba maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vipimo vilevile mama zetu walivyofundishwa kliniki kwa ajili ya mtoto anayeharisha. Chakula cha njiani ni tende. Majduli moja kubwa ina takribani gramu 18 za wanga, hivyo mbili au tatu kwa saa zinamtosha mkimbiaji wa kawaida, kwa riyali chache pale bakalani, duka dogo la mtaa.

Usingizi ndio uliobaki, na hapa nasema kwa uchungu. Mwaka 2011 Cheri Mah wa chuo kikuu cha Stanford aliandika juu ya wachezaji 11 wa mpira wa kikapu waliotakiwa wakae kitandani saa 10 kila usiku kwa wiki kadhaa. Mbio zao fupi ziliongezeka kasi, na mitupo yao ya adhabu ikawa sahihi zaidi kwa asilimia 9. Hakuna kiatu wala dawa ya halali niijuayo inayotoa faida hiyo bure. Halafu tazama chumba cha vitanda sita chenye zamu tatu tofauti, taa ikiwashwa na kuzimwa, simu za nyumbani zikiita kwa sababu Dar na Nairobi wote wako macho. Tumefanya tunaloliweza: vitambaa vyeusi vya macho, pamba masikioni, makubaliano kwamba anayetoka zamu ya usiku hapigiwi kelele hadi saa saba mchana, na usingizi wa nusu saa kabla ya zamu kwa mwenye nafasi. Anayetoka zamu ya usiku hafanyi mbio za kasi asubuhi ile, hata akiniapia kwamba yuko vizuri. Kwa wengi wetu saa moja zaidi ya kulala imeleta kasi ambayo mwezi mzima wa vilima haukuileta.

Madada wana hesabu yao. Mtu anayeona dada wa kazi za ndani akikimbia Ijumaa tu atasema hana mazoezi ya kutosha. Muulize ngazi. Nyumba ya ghorofa tatu, akipanda na kushuka na ndoo, nguo, sinia, kuanzia alfajiri hadi usiku. Miguu yake imefanya kazi wiki nzima. Mifupa yake ndiyo iliyo hatarini. Kuishi ndani mwaka mzima na kutoka akiwa amejisitiri kunamnyima ngozi jua, na upungufu wa vitamini D ni tatizo linalojulikana sana katika nchi hizi za jua kali, wenyeji na wageni pamoja. Ongeza damu ya kila mwezi na chakula anachokula mwisho baada ya wote, madini ya chuma yanashuka. Maumivu ya mfupa wa muundi kwa dada kama huyo siyachukulii kuwa ya kawaida. Akibonyeza kwa kidole kimoja na maumivu yakawa sehemu moja tu, anaacha kukimbia siku hiyohiyo na tunatafuta picha na kipimo cha damu. Kwa waliobaki wazima, ngazi zilezile ndizo jimu yetu: kusimama kwa ncha ya mguu mmoja ukingoni, kushuka taratibu, kupanda taratibu, mara 10 hadi 12 kila mguu, siku tatu kwa wiki, jioni jiko likishafungwa. Kano za kisigino huimarika kwa mzigo mzito wa polepole, na ndoo ya maji mkononi ni uzito halali kabisa. Hadi mwaka 2017 wasichana katika shule za serikali za nchi hii hawakuwa na somo la michezo. Leo madada wangu wanakimbia bondeni mbele ya familia za Kisaudia zilizotandika mikeka yao, na watoto wa kike wa familia hizo huwakimbilia pembeni kwa hatua kadhaa. Jambo hilo linanifurahisha kuliko medali.

Wakimbiaji huniuliza pia kuhusu mji wa Taif, kwa sababu iko kwenye mita karibu 1,900 na ni njia ya Jeddah. Wikendi moja Taif haibadilishi damu ya mtu. Faida ya mwinuko hutaka wiki tatu au zaidi, na hakuna kafili, yaani mwajiri mdhamini, atakayetoa wiki tatu. Waende kwa hewa yake nzuri.

Mwaka wetu wa mazoezi tunaupanga tukianzia mwisho. Riyadh ilipata marathoni yake kamili ya kwanza Machi 2022, na tangu hapo imekuwa ikifanyika mwanzoni mwa mwaka, majira ya baridi. Kiangazi tunajenga msingi kwa mwendo mwepesi wa alfajiri. Oktoba hewa ikilegea tunaongeza vilima. Novemba na Desemba ndiyo miezi ya vipande vya kasi. Ramadhani hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, na mwaka 2027 itaanza karibu tarehe 8 Februari, kwa hiyo msimu wa mbio na mwezi wa funga vinakaribia kukutana. Mfungaji wetu hukimbia polepole saa moja kabla ya futari ili maji yawe karibu, na zoezi lolote gumu tunalipeleka baada ya tarawehe, mara moja au mbili kwa wiki. Lengo la mwezi huo ni kuulinda mwili usirudi nyuma. Anayetaka rekodi yake binafsi nitamwelekeza mbio za Desemba au Januari mapema, hata zikiwa fupi.

Mipango yote hii huandikwa kwa kalamu ya risasi. Manfuha inaikumbuka Novemba 2013, msamaha wa wasio na vibali ulipokwisha, misako ikaanza, pakatokea ghasia na vifo, na Wahabeshi kwa makumi ya maelfu wakarudishwa kwao. Wakimbiaji wangu wana ikama, yaani kibali cha ukaazi, lakini mkataba ni wa miaka miwili, na mara nyingi ninayemfikisha kwenye ubora wake ndiye anayefunga mizigo. Kwa hiyo anayeondoka anapewa daftari lake na karatasi moja ya maelekezo. Kwa anayekwenda Eldoret au Iten nimeandika hivi: kwa wiki mbili za kwanza usitazame saa, mwendo wako wa Riyadh hauko huko juu; kimbia mwendo wa kusimulia, hata ukiwa mzito kiasi gani; kunywa hata kama huoni jasho; hesabu mapigo kitandani kila asubuhi, na yakisharudi kwenye namba yako ya zamani kwa siku tano mfululizo, anza vilima. Kazi ya shamba iandike kama zamu.